Riwaya za majini hazijamchoma mtu

Kuna neno moja ambalo nimelisikia mara nyingi katika baraza za Mombasa, na hata huku bara nilipo linanifuata: kwamba riwaya za majini, za paka wasemao na za vyombo virukavyo baina ya sayari ni upuuzi wa watoto, na kwamba Mwislamu mwenye akili zake timamu hana wakati wa kuzisoma. Wengine huongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba si upuuzi tu bali ni hatari, kwa sababu humzoesha kijana mambo ya sihiri. Mimi nimezisoma riwaya hizo kwa miaka mingi, za zamani na hizi zilizotoka juzijuzi, nami nina maoni yangu juu yake. Nayaandika kutoka Nyamira, mahali ambapo neno "mchawi" si neno la mchezo, na mahali hapo pamenifundisha jambo juu ya riwaya hizi ambalo nisingalijifunza kama ningalibaki Mji wa Kale.

Kwa wasiopajua, Nyamira ni nchi ya milima na mashamba ya majani chai, jirani ya Kisii, na zamani ilikuwa ni sehemu ya wilaya hiyo. Mvua hunyesha mara nyingi alasiri. Waislamu ni wachache. Mtu wa pwani aliyeletwa huku na kazi ya ualimu, kama mimi, huziona jioni kuwa ndefu: chai imekwisha kuchumwa na kupelekwa kwenye mizani, njia zina utelezi, na giza likiingia watu hufunga milango yao. Hapo kitabu huwa ndiye rafiki. Vyangu huja kwa kifurushi cha basi kutoka Mombasa, usiku kucha njiani, na mara nyingine hunifikia vikiwa vimelowa pembe.

Basi na tuanze na kitabu ambacho ningependa kila nyumba ya Mombasa iwe nacho. Jina lake ni The House of Rust, yaani Nyumba ya Kutu, na aliyekitunga ni binti wa Mombasa mwenye asili ya Kihadhrami, Khadija Abdalla Bajaber. Mswada wake ulishinda mwaka 2018 tuzo ya Afrika iliyotolewa kwa mara ya kwanza na wachapishaji Graywolf Press wa Marekani. Kitabu chenyewe kikatoka mwaka 2021, na mwaka 2022 kikapewa tuzo ya kwanza kabisa iliyowekwa kwa jina la Ursula K. Le Guin, ambayo ilikuwa ni dola 25,000. Huyo Bibi Le Guin, aliyefariki mwaka 2018, ndiye mtungaji wa zile hadithi za Earthsea, nchi ya visiwa na mashua na upepo, ambayo shujaa wake si mzungu bali ni mtu wa rangi ya kahawia. Mtu wa Lamu au wa Pate akizisoma hataona ugeni wowote. Kwa hiyo tuzo ile naona ilikwenda mahali pake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mvuvi aitwaye Ali anakwenda baharini asirudi. Binti yake Aisha hakubali kukaa akingoja habari. Anaingia baharini kumtafuta, na mwenziwe ni paka aitwaye Hamza, paka msomi, mwenye maneno mengi na adabu zake. Chombo chao kimeundwa kwa mifupa. Huko kilindini wanakabiliwa na madubwana matatu, na la mwisho na kubwa kuliko yote ni Baba wa Papa. Nyumbani amebaki nyanya yake, Hababa, mwanamke wa heshima na wa ukali, ambaye kila msomaji wa Mombasa atasema anamjua, isipokuwa atataja jina la mtaa mwingine.

Nililolipenda zaidi ni kwamba bahari ya kitabu hiki ni bahari kweli. Wako watungaji ambao bahari kwao ni pambo tu, kama picha ya mnazi na mwezi iliyotundikwa hotelini. Ya Bibi Khadija ni bahari ya mtu ambaye chakula chake kinatoka humo, na ambaye anajua kwamba siku moja huenda ikamdai malipo. Madubwana yake nayo hayakuwekwa ili yaogopewe tu. Kila mmoja ana lake analolitaka, na ana ulimi wa kulisema. Naye Aisha si mchawi. Ni msichana mkaidi anayempenda babake.

Sitaficha kwamba kitabu kina mahali panapochosha. Baba anapatikana mapema kuliko vile msomaji anavyotazamia, na kuanzia hapo hadithi inarudi mjini, kwenye mambo ya kuposwa na kuozwa na mambo ya kunguru. Hao kunguru wana hoja ndefu mno. Najua kwamba Mombasa bila kunguru si Mombasa, na kwamba kunguru wa Kihindi tangu aletwe Unguja mwishoni mwa karne ya 19 hakuna aliyeweza kumnyamazisha, lakini mtungaji angeweza kumnyamazisha kwa kurasa kama ishirini hivi na hakuna ambaye angelalamika. Juu ya hayo nasema kwamba nusu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Msichana amekwisha kuona kilindi cha bahari, akasema na papa mkubwa kuliko wote, kisha anarudi nyumbani na kuambiwa achague mchumba. Afanye nini? Swali hilo haliko katika hadithi za Sindbad. Sindbad akirudi Baghdad hungojewa kwa sinia ya chakula, wala hakuna nyanya anayemuuliza alikuwa wapi.

Kitabu hiki nilimwazima binti mmoja wa hapa Nyamira, Mgusii, aliyekuwa likizoni kutoka chuoni. Alikisoma kwa siku nne. Aliponirudishia nilimuuliza amekionaje. Nilidhani atanieleza habari za bahari, kwa kuwa hajapata kuiona, lakini hakutaja bahari kabisa.

"Mwalimu," akasema, "huyu msichana anasema na paka, halafu anatoka peke yake usiku, halafu anarudi mzima. Na nyanya yake yuko vile alivyo. Kwetu hawa wangechomwa wote wawili."

Hakusema kwa mzaha. Nilimpa chai akanywa, tukazungumza mambo mengine.

Msomaji wa pwani huenda asijue maneno hayo yalitoka wapi, basi nitaeleza. Mwezi wa Mei mwaka 2008, katika vijiji vya upande huu wa Kisii, watu zaidi ya 10, wengi wao wakongwe, walichomwa moto na kundi la watu kwa kushukiwa kuwa ni wachawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa kwa njia hiyohiyo. Kwa Kigusii mchawi huitwa omorogi, na katika miaka niliyokaa huku sijasikia mtu akilitamka neno hilo kwa sauti kubwa, ila liwe la kufukuzana. Jirani yangu mmoja, ajuza anayeishi peke yake, tangu mwaka ule wa 2021 hatoki nje baada ya magharibi hata kama kuku wake hawajaingia bandani. Hutuma mtoto.

Wala tusiwacheke Wagusii. Sisi tuna Kilifi yetu. Mzee wa Kigiriama au wa Kikauma mwenye mvi na macho mekundu kwa moshi wa jikoni amekuwa akiuawa kwa panga, kwa kisingizio kilekile, na wanaofuatilia mambo hayo wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya uchawi huo huwa kuna kesi ya shamba. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Kutoka hapo hadi misikiti ya Mombasa si mbali. Na sheria ipo: ile Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilimfanya mkosa hata yule anayemtuhumu mwenzake kwa uchawi bila ya kupeleka habari kwa wenye mamlaka.

Sasa nauliza. Hao waliobeba viberiti, ni riwaya gani waliyoisoma? Sijapata kusikia mtu aliyemaliza riwaya ya majini akatoka nje kwenda kumwua jirani. Kilichowatoa watu majumbani ni uvumi, na uvumi hauna mtungaji wala jalada wala bei. Riwaya husema tangu ukurasa wa kwanza kwamba imebuniwa, na msomaji na mtungaji hupeana mkono juu ya hilo. Uvumi huapa kwa Mungu kwamba ni kweli tupu. Kijana aliyezoea kusoma hadithi za ajabu hujua ajabu ilivyoundwa, kama vile seremala ajuavyo kiti kilivyoungwa. Akiletewa ajabu nyingine sokoni, iliyoundwa vibaya, huigeuza chini juu akatazama misumari.

Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa kuwa najua barua zitakuja. Sisi tunaamini kuwako kwa majini, na iko sura nzima ya Kur-ani yenye jina lao. Tunaamini habari ya kiti cha enzi cha Bilkis na Ifriti aliyejitolea kukileta, na habari ya vijana wa pangoni waliolala miaka 309. Hayo kwetu ni kweli, wala siyaweki safu moja na riwaya za mtu yeyote. Hata kuwako kwa sihiri sikukanushi. Ninalolisema ni kwamba kuamini kuwa sihiri ipo ni jambo moja, na kumnyooshea kidole bibi wa nyumba ya tatu ni jambo jingine kabisa, ambalo dini yetu imelitaka lije na ushahidi, na dhana tupu imetukataza. Mtu asiyeweza kutenganisha mambo hayo mawili hataokolewa kwa kunyimwa vitabu.

Na hao wasemao kwamba hadithi za kubuni za namna hii si mambo ya Kiislamu wangetazama nyuma kidogo. Ibn Tufayl, mwanachuoni na tabibu wa Andalusia katika karne ya 12, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akafika kumjua Muumba wake kwa kutumia akili. Mwaka 1905 Bibi Rokeya Hossain, Mwislamu wa Bengali, alitoa hadithi ya ndoto ya nchi inayotawaliwa na wanawake, yenye magari ya angani na moto wa kupikia uliotolewa kwenye jua, na wanaume wamewekwa utawani. Mwaka 1905! Wakati huo ndege za kweli zilikuwa hazijatimiza hata miaka miwili tangu kuruka. Nimeisoma hadithi hiyo na wanafunzi wangu. Wavulana hawakuipenda hata kidogo, na wasichana waliomba irudiwe.

Tena hata kwetu si jambo geni. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, aliweka majini, wafalme na ndugu wawili waliogeuzwa manyani wakawa wanapigwa kila usiku. Mtu aliyesoma kisa kile utotoni hasahau mijeledi ile. Lakini mwisho wake ni nini? Mwisho wake ni msamaha, na wale manyani wanarudi kuwa watu. Mwislamu wa Tanga alichukua mambo ya uchawi na majini, mambo ambayo huku niliko yameishia kwenye petroli na majani makavu, akayafikisha kwenye huruma.

Yuko pia Muhammed Said Abdulla wa Unguja na Bwana Msa wake. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, si riwaya ya mzimu ingawa jina lasema hivyo. Watu wanaogopa mahali fulani kwa ajili ya mizimu, Bwana Msa anafika na kiko chake mdomoni, anauliza maswali madogomadogo ya kuudhi, na mwisho inaonekana kwamba palipo mzimu palikuwa na mkono wa binadamu. Ningekuwa na uwezo ningekigawa kitabu hicho bure katika masoko yote ya kutoka Keroka hadi Marani, na baadaye Kaloleni na Ganze. Bwana Msa anamfukuza mzimu kwa hoja. Bibi Khadija anamwacha dubwana pale alipo, lakini anampa ulimi, anamfanya aseme anataka nini. Njia ni mbili na mimi nazipenda zote mbili, kwa kuwa katika zote mtu hulazimika kutazama kabla ya kupiga.

Iko namna ya tatu, nayo siitetei. Ni zile hadithi, na hasa zile filamu za bei rahisi zinazoonyeshwa vibandani, ambamo ajuza mwenye macho mekundu ndiye mwenye kila balaa ya kijiji: mtoto akifa ni yeye, mume akipotea ni yeye, mpaka mwisho anaangamizwa na watu wanacheza ngoma. Hapo hakuna ubunifu wowote. Huo ni uvumi uleule uliotiwa muziki. Wanaotaka kukataza kitu wangeanzia huko, si kwenye paka Hamza.

Ama kuhusu riwaya za sayansi ya kubuni, yaani za sayari na roketi, watu hudhani kwamba kwa Kiswahili hazipo. Zipo, na ile niipendayo ilitungwa na mtu wa Kilifi. Katama Mkangi, ambaye vijana wa zamani watamkumbuka kwa Ukiwa na Mafuta, alitoa Walenisi mwaka 1995. Mtu mmoja aitwaye Dzombo anahukumiwa kufa. Katika nchi yake mtu wa namna hiyo hanyongwi, bali hutiwa ndani ya chombo akarushwa angani akafie huko, ili serikali isione maiti yake. Dzombo hafi. Anajifunza kukiendesha chombo chake, na kinamfikisha Walenisi, kwenye sayari ya watu wasiojua bwana na mtwana. Ukilitamka jina hilo polepole utasikia maana yake: wale ni sisi.

Kisayansi, mwenye kupenda hesabu za mitambo asitarajie mengi. Chombo kinaruka kwa sababu hadithi inataka kiruke. Na hao watu wa Walenisi wana tabia ya kuhubiri. Mtu anauliza njia anapewa hotuba juu ya usawa. Nilipokuwa nikisoma nilitamani mmoja wao akasirike, au aibe hata embe. Lakini zile kurasa za mwanzo, za mtu aliyefungiwa peke yake ndani ya chuma akiambiwa kwamba amekwisha kuhesabiwa katika wafu, hizo zina uchungu ambao hauwezi kubuniwa ukiwa umekaa barazani. Mkangi mwenyewe, alipokuwa mwalimu wa chuo kikuu Nairobi, alitiwa kizuizini mwaka 1986 wakati wa misukosuko ya Mwakenya. Alikufa kwa ajali ya barabarani mwaka 2004. Nilipokuwa nikikisoma mara ya pili, huku Nyamira, sikufikiria habari za siasa tena. Nilifikiria namna watu wanavyokubaliana kwamba mmoja wao si mmoja wao tena, halafu wakatafuta njia ya kumtoa machoni. Chombo cha angani au nyumba ya nyasi iliyofungwa kwa nje, tofauti yake ni gharama tu.

Viko vingine ambavyo nitavigusa kwa kupita. Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, mwaka 2001, kinamrudisha babu kutoka kaburini kuja kumsumbua mjukuu wake mkubwa mwenye cheo na tumbo. Ni kitabu kizuri na cha kuchekesha, na mzuka wake ana haki zaidi kuliko walio hai. Bina-Adamu! cha Wamitila, mwaka 2002, ni fumbo refu la safari ya dunia nzima. Wanaopenda mafumbo watakipenda, lakini mimi nilifika mwisho nikiwa nimeshika kichwa.

Na vya Kiingereza vilivyotungwa na wageni? Bibi S. A. Chakraborty, Mmarekani aliyesilimu, ametuandikia mwaka 2023 visa vya Amina al-Sirafi, nahodha wa kike wa karne ya 12 aliyekwisha kuacha uharamia akawa analea binti yake, kisha anaitwa tena kazini. Aden imo, Sokotra imo, Mogadishu imo, na kila nikifungua naona jahazi, tanga na pepo za msimu, vitu ambavyo babu zetu waliviishi na sisi tunavisoma kutoka Marekani. Ni kitabu cha raha. Mama mwenye goti linalouma akipigana na mazimwi ni jambo ambalo sikuwa nimelikuta popote. Anamhofia Mwenyezi Mungu, anajua kwamba ametenda mengi mabaya, na anasali hata hivyo.

Dune ya Frank Herbert, ya mwaka 1965, ambayo vijana wameijua kwa filamu za mwaka 2021 na 2024, siipendi kama wanavyoipenda wao. Jangwa, ngamia waliogeuzwa funza wakubwa, Mahdi, jihadi, hata jina la shujaa lina mlio wa neno letu la adabu. Maneno yetu yote yamo, isipokuwa sisi wenyewe. Ni kama kumwona mtu usiyemjua kavaa kanzu ya marehemu babako. Imemkaa vizuri, lakini ungependa kujua aliipata wapi.

Hapo ndipo kwenye ugomvi wangu. Kitabu bora cha ajabu kilichotoka Mombasa katika zama hizi kimetungwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Marekani. Simlaumu mtungaji, mtu huandika kwa lugha inayomjia, na mlango hufunguliwa na mwenye ufunguo. Lakini kina Hababa wenyewe, wale wa kweli, wanaosoma Kur-ani asubuhi na gazeti la Kiswahili baada ya adhuhuri, hawatapata kujua kwamba wameandikwa. Abdulrazak Gurnah wa Unguja alipata tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 Paradise yake ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, kwa wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Basi kazi hiyo inawezekana. Peponi nilikisoma kwa sauti hapa Nyamira kwa jirani zangu wawili wasiojua Kiingereza, na walikuja siku tisa mfululizo, mvua inyeshe isinyeshe.

Naitaka The House of Rust ipate bahati hiyo. Nitakisoma kwa sauti vilevile, na yule ajuza jirani yangu nitamwalika mapema, kabla ya magharibi, akae karibu na jiko. Watu wa hapa walilelewa kwa emegano, ngano za usiku zenye wanyama wasemao, na hakuna aliyewachoma fisi na sungura kwa sababu hiyo. Nataka wamsikie paka akisema na msichana, mbele yake, na wacheke pamoja naye.

Na huyo atakayekitafsiri, nina ombi moja kwake. Asimfanye Hababa aseme Kiswahili cha taarifa ya habari. Hababa na aseme Kimvita, akimwita mjukuu wake mwanangu na akimfokea kwa lugha ya nyumbani. Paka Hamza ndiye anayefaa Kiswahili sanifu, kwa kuwa amesoma na anataka watu wajue. Kunguru wapewe lugha yoyote, alimradi wafupishwe.